Pombe ya Ndizi katika Miteremko ya Meru

Pombe ya ndizi ni kinywaji kinachopikwa nyumbani kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Wameru na Waarusha wanaokaa katika miteremko ya Mlima Meru wameipika kwa vizazi vingi, kama walivyofanya jirani zao Wachaga wa Kilimanjaro, ambako ndiko lilikotoka jina la mbege. Siku hizi jina hilo linatumika hata Tengeru na Arusha mjini kwa pombe yoyote ya namna hiyo. Upishi wake hauna kipimo kilichoandikwa. Mama mmoja huchemsha ndizi mpaka ziive sana, mwingine huziepua mapema. Huyu hutia gamba chungu la mti kwa mkono mzito, yule hunyunyiza kidogo tu. Kwa sababu hiyo mitungi miwili ya kijiji kimoja haikupata kufanana, na watu wa mlimani wakajenga mazoea ya kuonja, kulinganisha na kujadili pombe vizazi vingi kabla chupa ya kwanza ya bia haijafika Arusha.

Tengeru ipo kilomita 13 hivi mashariki ya Arusha, kwenye barabara ya Moshi, karibu na Ziwa Duluti lililojaa ndani ya kasoko ya volkano. Juu yake unapanda mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na udongo wake wa majivu ya volkano una rutuba kubwa. Mvua hunyesha kwa wingi upande wa kusini na mashariki, na vijito vinateremka mwaka mzima. Mgomba unataka hayo yote mawili, udongo wenye rutuba na maji yasiyokatika, ndiyo maana ukanda wa migomba unauzunguka mlima kwa upande huo na kukoma pale tambarare kavu inapoanza.

Mgomba wenyewe ni mgeni wa zamani. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya jirani, na ulivuka Bahari ya Hindi pamoja na mabaharia na wafanyabiashara. Katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro lilikita mizizi kundi la ndizi linaloitwa mchare, au mshare, ambalo halistawi kwa wingi kiasi hicho sehemu nyingine za bara. Uchunguzi wa vinasaba umelihusisha kundi hilo na ndizi za pwani na visiwa, hasa zile za Komoro na Zanzibar zinazoitwa mlali, na umeonyesha kwamba ukoo huohuo ulichangia uzao wa Gros Michel na Cavendish, ndizi zinazouzwa madukani dunia nzima. Mchare ni ndizi ya kupika, laini na yenye harufu nzuri, na familia nyingi huiweka kwa ajili ya mtori na chakula cha wageni. Kwa pombe hutumika zaidi ndizi ng'ombe na nyinginezo zenye mkungu mkubwa, ambazo zikiiva zinakuwa tamu. Hata hivyo mpishi hachagui sana. Ndizi iliyopo shambani ndiyo inayoingia sufuriani, na ladha ya pombe hufuata.

Simulizi za Wameru zinasema mababu zao walifika upande wa mashariki wa mlima wakitokea Usambara na Kilimanjaro, na lugha yao inaungana na zile za Uchagani. Waarusha, wanaosema Kimaa, walikuja baadaye, miaka ya 1830 hivi, kutoka Arusha Chini kusini ya Kilimanjaro, wakakaa upande wa kusini-magharibi. Walikuwa watu wenye desturi za wafugaji, kama Wamaasai wa tambarare, wanaothamini maziwa na nyama kuliko mazao ya jembe. Mlimani walijifunza mgomba kwa majirani. Katika vizazi vichache wakawa wakulima hodari wa migomba, na pombe ya ndizi ikakaa pamoja na ile ya asali waliyoizoea tangu zamani.

Upishi wenyewe unachukua wiki nzima au zaidi, na unaanza na kusubiri. Mikungu iliyokatwa ikiwa imekomaa huvundikwa mpaka iive. Wakati huo wanga uliomo kwenye ndizi mbichi unageuka sukari, na mpishi hujua kwa kubonyeza kidole na kunusa: ganda linakuwa na madoadoa meusi na harufu inajaa nyumba. Ndizi humenywa, hutiwa kwenye sufuria kubwa au pipa pamoja na maji, na kuchemshwa kwa saa nyingi hadi rangi yake iwe nyekundu iliyoiva. Zikishapoa huachwa kwenye chombo kilichofunikwa, siku tatu au zaidi, zichache zenyewe. Chachu haihitaji kununuliwa, kwani ipo kwenye chombo cha siku zote, kwenye majani na hewani. Uji huo uliochacha, ambao Wachaga wanauita nyangaya, huchujwa kwa majani makavu au kitambaa, makapi yakaenda kwa mifugo na maji mekundu yakabaki.

Wakati ndizi zinachacha, ulezi nao unashughulikiwa. Hulowekwa, hufunikwa ukiwa na unyevu mpaka utoe mizizi midogo myeupe, kisha huanikwa juani na kusagwa. Kimea hicho ndicho kiini cha kazi yote. Mbegu inayoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga, na unga wake ukipikwa uji mzito na kuchanganywa na maji ya ndizi, wanga wa ulezi unageuka sukari na kuipa chachu chakula kipya. Ulezi pia ndio unaoipa pombe uzito, ile hali ya kinywaji kushiba kooni. Mpishi anayebania ulezi hutambulika mara moja: pombe yake ni maji ya ndizi tu, na wanywaji hawarudi.

Kitu cha tatu ni uchungu. Gamba la msesewe, mti mkubwa unaoota kando ya mito, hukaushwa, hutwangwa na kutiwa kwa kipimo cha mkono. Kwa Kilatini unaitwa Rauvolfia caffra. Kazi yake inafanana na ya maua ya hopi katika bia za Ulaya, yaani kukata utamu na kuweka ladha ya ukali inayobaki ulimini. Ukizidi, pombe hainyweki. Mizani kati ya utamu wa ndizi, uzito wa ulezi na uchungu wa msesewe ndiyo siri ya kila nyumba, na mama humwachia binti yake kwa kumwonyesha, maana haiwezekani kuisimulia.

Njia hii ya kuchemsha ndizi inaitofautisha Meru na nchi za Maziwa Makuu. Kagera, Uganda na Rwanda ndizi mbivu hazipikwi: hukamuliwa pamoja na nyasi, mara nyingi kwa kukanyagwa kwenye chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, kisha maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa. Hivyo ndivyo inavyotengenezwa rubisi ya Bukoba, na jamaa zake ni tonto ya Uganda na urwagwa wa Rwanda. Rubisi ni nyepesi na kali. Mbege ni nzito, yenye chenga za ulezi, karibu na chakula. Mtu aliyezaliwa Karagwe akipewa kata ya mbege kwa mara ya kwanza huuliza kama hiki ni kinywaji au uji, na Mmeru anayepewa rubisi huuliza ulezi umekwenda wapi.

Pombe hii hukaa hai hadi tone la mwisho. Pamoja na chachu zimo bakteria za uchachu, zile zinazoyagandisha maziwa, nazo hazilali. Siku ya kwanza baada ya kuchanganywa na kimea, mbege ni tamu na povu lake ni laini, na hata wazee wasiopenda ukali huinywa. Siku ya pili imekolea, utamu umeanza kupungua na kilevi kimepanda. Siku ya tatu inakuwa chachu, na wapo wanaoitaka hivyo hasa. Baada ya hapo huharibika. Mpenzi wa pombe mlimani kwa hiyo alihitaji kujua mambo mawili, nani kaipika na imeiva lini, na habari hizo zilisafiri kijijini haraka kuliko nyingine yoyote.

Desturi ya kuonja ilizaliwa hapo, na pia kwenye adabu. Anayetoa pombe ndiye anayetangulia kuinywa mbele ya wageni, kuonyesha kwamba ni safi na haina hila. Kata, yaani kibuyu kilichopasuliwa kikaachiwa mpini mrefu, huchovywa kwenye mtungi, mwenye nyumba hupiga funda moja, kisha hukabidhi kwa mzee mkubwa kwa mikono miwili. Mzee naye humwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, hunywa, hunyamaza kidogo, halafu hutoa neno. Neno hilo linasubiriwa. Husema imekolea, au bado changa, au ulezi wake mzuri, na mpishi aliye jikoni huyasikia yote. Kata moja huzunguka kwa watu wengi kwa mpangilio wa umri, na kumruka mtu ni kumtukana.

Bila pombe mambo mengi hayakuwezekana. Posa ilipelekwa na kibuyu, na kukubaliwa kwa kibuyu hicho ndiko kulikoonyesha kwamba mazungumzo yataendelea. Kazi ya pamoja ya kulima, kujenga nyumba au kuchimba mfereji ililipwa kwa mtungi jioni. Kwa Waarusha, mashauri ya ugomvi yalihukumiwa kwenye vikao vya rika na ukoo, na wanaume waliopatana walikunywa pamoja mbele ya watu ili mapatano yashikike. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti kwa Waarusha miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu mwaka 1963, alieleza kwa kirefu jinsi vikao hivyo vilivyofanya kazi bila hakimu mwenye amri.

Ukoloni ulibadili mambo kwa kuanzia ardhini. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, juu kidogo ya Tengeru ya leo. Wajerumani walijibu kwa majeshi, mifugo ikatwaliwa, na kufikia mwaka 1900 boma lilikuwa limesimama Arusha. Kisha ardhi ya chini ya mlima ikagawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini, hadi mashamba yao yakaufunga mlima kama mkanda. Wameru na Waarusha wakabanwa juu. Malisho na mashamba ya nafaka ya tambarare yalipopungua, mgomba, ambao hulisha watu wengi kwenye eneo dogo, ukawa tegemeo kuliko zamani, na kahawa ikaingia chini ya kivuli chake. Ni rahisi kuona athari yake kwenye mtungi: ndizi zilibaki nyumbani, ulezi ukaanza kununuliwa. Mgogoro wa ardhi haukuisha hapo. Mwaka 1951 Waingereza waliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York.

Kwa upande wa pombe yenyewe, serikali ya Waingereza ilivutwa pande mbili. Iliogopa kwamba kibarua mlevi hafanyi kazi, na ilitamani mapato. Mijini pombe za kienyeji ziliwekwa chini ya leseni na kuuzwa kwenye vilabu vilivyopangiwa saa, huku bia ya chupa na vinywaji vikali vikihesabiwa kuwa vya wasio Waafrika. Vijijini sheria ilishika kidogo tu, kwa kuwa hakuna polisi aliyeweza kukagua kila jiko chini ya migomba. Lakini kilabu kilileta jambo jipya kabisa: pombe ya kuuzwa kwa mtu usiyemjua. Pale kuonja kulibadilika maana. Mteja alionja ili aamue kununua, na mama aliyepika alionja ili kujua kama mzigo wake utadumu mpaka jioni.

Historia ya bia ya chupa Afrika Mashariki inaanzia Kenya mwaka 1922, ndugu wa ukoo wa Hurst walipoanzisha kiwanda karibu na Nairobi. Mmoja wao aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na bia yao ikapewa jina la Tusker kwa ajili yake. Dar es Salaam ilipata kiwanda miaka ya 1930, na mwaka 1936 kikaungana na kile cha Kenya kuwa East African Breweries. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania Breweries na Kilimanjaro Breweries zilikuwa miongoni mwa kampuni ambazo serikali ilichukua hisa za kutawala. Safari Lager ilitoka mwaka 1977. Miaka iliyofuata, baada ya vita ya Uganda, nchi ilikosa fedha za kigeni, na bia ikawa adimu kama sabuni na sukari. Meru ilikuwa na bahati, kwa kuwa migomba haikuhitaji fedha za kigeni.

Chupa ilileta kitu ambacho mtungi haukuwa nacho, ladha isiyobadilika. Bia ya Januari ni sawa na ya Julai, ya Arusha sawa na ya Mtwara. Wengi waliipenda kwa sababu hiyo, na pia kwa heshima iliyokuwa nayo tangu enzi za ukoloni, na harusi za mjini zikaanza kuhesabiwa kwa makreti. Baada ya Tanzania Breweries kubinafsishwa mwaka 1993 kwa ubia na South African Breweries, ushindani ulipamba moto kaskazini: Kilimanjaro Lager ikatoka mwaka 1996, kiwanda cha Kibo kikajengwa Moshi na kampuni ya Kenya, na mwaka 2002 kikaingia mikononi mwa Tanzania Breweries katika mapatano ya kubadilishana masoko. Mnywaji wa Tengeru aliyekuwa na chaguo la bia moja au mbili miaka kumi kabla sasa akawa na safu nzima kaunta. Watu walianza kubishana juu ya Safari na Kilimanjaro kama wazee walivyobishana juu ya mitungi ya mama fulani na mama fulani, ingawa tofauti kati ya bia mbili za kiwandani ni ndogo mno ukilinganisha na tofauti kati ya majiko mawili.

Soko la Tengeru ndilo lililoibeba biashara ya malighafi. Siku zake kubwa ni Jumatano na Jumamosi, na alfajiri magari yanashusha mikungu kutoka vijiji vya juu. Wanunuzi wa pombe hawafuati mikungu mibichi iliyopangwa barabarani kwa ajili ya wafanyabiashara wa mijini. Huenda pembeni, kwenye ndizi zilizoanza kuiva, ambazo kwa mwingine zingekuwa hasara. Mama anayepika hubonyeza, huonja kipande, hupatana bei, kisha huvuka upande wa nafaka na kuingiza mkono kwenye gunia la ulezi, huzitawanya punje kiganjani na kuzipuliza kuona mchanga. Ulezi wenye mchanga huharibu pombe yote, na hakuna chujio linaloweza kuuokoa. Faida ya mtungi mmoja haikuwa kubwa, lakini ni fedha iliyo mkononi mwa mwanamke, tofauti na ya kahawa, ambayo kwa kawaida ilipita kwa mwanaume aliyeandikishwa chama cha ushirika. Karo nyingi za shule huko Meru zimelipwa na mbege.

Vinywaji vikali vina historia tofauti. Gongo, pombe inayotoneshwa, imepigwa marufuku kwa sheria, na hatari yake ni ya kweli. Viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali ya bei nafuu, vilienea hadi kwa wanafunzi kabla ya kuzuiwa rasmi kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Ubaya wa vitu hivyo umeipaka matope hata pombe ya ndizi, ingawa kilevi chake ni kidogo na hainyweki kwa siri, kwa sababu inataka mtungi, siku na watu. Makanisa nayo yamegawanyika. Walutheri wengi wameivumilia pombe ya sherehe, Wasabato na Wapentekoste wameikataa kabisa, na katika koo nyingi kibuyu cha posa leo kinajazwa soda.

Jaribio la kuiingiza pombe ya ndizi kwenye chupa lilifanyika Arusha hapohapo. Kampuni ya Banana Investments ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutengeneza kinywaji cha ndizi kinachodumu, na bidhaa yake iitwayo Raha ikaenea baa za kaskazini. Ili kidumu, kinywaji kilibidi kuchujwa kiwe kiangavu na kuuawa vijidudu kwa moto, na hapo uzito wa ulezi na mabadiliko ya siku kwa siku vikatoka. Kilichobaki kinakaribia mvinyo mwepesi. Ni kitu kizuri kwa namna yake, lakini mzee aliyezoea kata hawezi kukiita mbege.

Nje ya Afrika njia ilikwenda kinyume. Huko Ulaya na Marekani viwanda vilikuwa vimekwishaumaliza upishi wa nyumbani, na sheria zikaufungia mlango. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikaruhusu kwa sheria ya serikali kuu iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Watu wakarudi majikoni kama burudani ya mwisho wa wiki, wakapima, wakaandika na kulinganisha. Sasa wageni kutoka huko hufika mpaka Mto wa Mbu na Marangu, ambako katika utalii wa utamaduni huonyeshwa upishi wa pombe ya ndizi na kuonjeshwa.

Tishio kubwa zaidi leo lipo ardhini. Mnyauko fusari, kuvu inayoziba mishipa ya maji ya mgomba hadi majani yakawa ya manjano na kunyong'onyea, huishambulia mchare na hukaa udongoni miaka mingi, na mashamba ya Meru yamekuwa madogo mno kiasi kwamba mkulima hana mahali pa kuhamishia migomba. Tengeru imekuwa kituo cha kupambana na mnyauko huo. Kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, ambacho sasa ni TARI Tengeru, tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinashughulikia ndizi, na jirani yake, katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA) wanazalisha mahuluti ya mchare yanayostahimili mnyauko. Kazi ni ya polepole, kwa sababu mchare hutoa mbegu chache sana hata ukichavushwa kwa mkono, na kila mche mpya unahitaji miaka kabla ya kuonekana mkungu wake. Mwaka 2021 aina nne za ndizi chotara zilizotokana na utafiti wa Uganda ziliidhinishwa nchini kwa jina la TARIBAN, namba 1 hadi 4. Katika majaribio ya namna hiyo, mgomba unaozaa sana na kustahimili ugonjwa hauhesabiwi kuwa umefaulu mpaka ndizi zake zipikwe na wakulima waitwe, wapewe sahani bila kuambiwa ipi ni ipi, waonje na kusema.